Mfupa Mmoja, Matumbo Mengi

Sogeeni mbele, msikae mlangoni kama watu wanaongoja kukimbia. Najua vita vimetufundisha kukaa karibu na mlango, hata mimi nilikaa hivyo miaka mingi. Lakini hapa ni nyumbani mwa Mungu, na aliyesimama mbele yenu ni bibi kizee tu. Apewe sifa Yeye aliyetufikisha Alhamisi nyingine.

Wageni, hiki ni kikundi cha watu wenye ini bovu, watu wanaoachana na pombe, na wale wanaotutunza. Nasema Kiswahili, kile cha kambini Uganda, kwa sababu hapa tumechanganyika makabila na lugha hii haina mwenyewe kati yetu. Sharti letu ni moja: hatutaji mtu. Kwangu ni sharti gumu. Shule niliiacha kabla sijajua kuandika, kwa hiyo kila kitu nilikiweka kichwani, na kichwa changu hakitupi jina. Jina la dereva aliyetuleta kutoka Nimule, kule mpakani, ninalo. Hata jina la mbwa atakayekufa katika habari hii ninalo. Nitayameza yote.

Tuliporudi kutoka Uganda tulipata kiwanja hapa Juba, mtaa huu wa New Site. Mimi, wanangu wawili wa kiume, mke wa yule mkubwa, na wajukuu. Tukajenga, tukapanda bamia, tukasema kalas, kukimbia kumekwisha. Halafu risasi zikarudi mjini. Mwanangu wa mwisho alitoka asubuhi kwenda kazini. Nilimwambia avae shati lingine, lile lilikuwa limechanika begani. Akasema, "Mama, nikirudi utalishona." Hakurudi. Hatukuonyeshwa mwili, hatukuonyeshwa hata hilo shati.

Ndipo nilipoanza araki. Ninyi mnaijua, ile pombe ya kupika inayouzwa kwenye chupa za maji. Kwanza ilikuwa ya kulala. Baadaye ikawa ya kuamka. Mikono ilitetemeka asubuhi mpaka nipate kidogo, na nilijidanganya kwamba ni uzee. Hakuna aliyenikataza. Wakati ule nusu ya mtaa ilikunywa, na nusu nyingine ndiyo iliyokuwa ikipika.

Tumbo likaanza kuvimba. Miguu ilikuwa imekonda kama ya kuku, lakini tumbo lilikaa mbele kama la mama wa miezi tisa. Macho yakawa manjano. Chakula kikanichukiza. Ndugu zangu, nawaambia, hapa Juba tumbo likivimba hakuna anayesema ugonjwa. Wanasema sumu. Na wakishasema sumu wanageuka kumtafuta anayepika.

Nyumbani kwangu anayepika alikuwa mkaza mwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Yeye si wa kabila letu, kwao ni ng'ambo ya mto. Mtu mkimya. Na mtu mkimya wakati wa vita anatisha, kwa maana hujui anakusanya nini. Nilianza kumtazama. Nilimtazama akikoroga. Nilimtazama akiweka chumvi, mkono unatoka wapi, unaingia wapi. Akigeuka kuniangalia nilijifanya nasinzia.

Siku moja nilimwaga mboga zangu, mbwa akala, na baada ya siku chache mbwa akafa. Mbwa yule alikuwa mzee kuliko mimi, hana meno, ana vidonda. Hayo yote sikuyakumbuka. Nilikumbuka mboga.

Mnajua desturi yetu. Anayekupa kinywaji anakunywa kwanza yeye, ndipo anakupa, ili uone kikombe kiko safi. Ni desturi ya wageni na ya karamu. Mimi niliifanya ya kila mlo. Uji, anaonja. Maji, anaonja. Hata dawa ya kikohozi nilimwambia ailambe. Naye hakubisha. Alikuwa anaonja, anafuta ukingo wa kikombe kwa kanga, ananipa kwa mikono miwili. Na mimi moyoni nasema: anaonja upande ambao hakuweka.

Basi nikatafuta mtu wa kutoa sumu. Alikuwako bibi mmoja nyuma ya soko, anajulikana. Anakulaza, anakuchanja kwa wembe ubavuni, anaweka mdomo, ananyonya, halafu anatema kitu kwenye kibuyu. Aliponinyonya alitema kamfupa.

"Hii ndiyo iko inakula wewe," akasema. "Imewekwa na mwanamke. Iko karibu. Inakupikia."

Nikamwomba nikashike. Hakutaka, lakini nilishaunyoosha mkono. Kalikuwa kamfupa kadogo, keusi upande mmoja, kana katundu katikati kama ushanga. Nikakageuza, nikakanusa. Akaninyang'anya. Akasema lazima akatupe mtoni yeye mwenyewe, la sivyo sumu itamrudia mwanangu.

Nikarudi nyumbani na jina mdomoni. Mwanangu alilia, lakini aliniamini. Mtu atafanyaje na mama yake? Wazee wa ukoo walikaa. Wengine walitaka mambo ambayo siyasemi kanisani, na ninyi mnajua wanawake waliosemwa hivyo wamefanywa nini katika mji huu. Mwanangu ndiye aliyesihi. Yeye ni fundi wa matairi Nesitu, kule malori yanakosimama kabla ya kushika barabara ya Nimule, na anawajua madereva. Wakakubaliana ampakie mke wake kwenye lori, arudi kambini Uganda kwa dada yake, na wajukuu wakubwa wabaki. Barabara ile wakati huo malori yalikuwa yanachomwa na watu ndani. Kila mtu katika kikao alilijua hilo. Hakuna aliyelitaja.

Mzee mmoja tu alisema, "Kabla hajaondoka kabisa na aibu hii, tupate mtu wa hospitali atamke kwamba ni sumu, ukoo wao usije ukatudai fidia." Kwa hiyo mimi sikwenda kliniki kutafuta uzima, mnielewe. Nilikwenda kutafuta shahidi. Asubuhi iliyofuata mwanangu alimchukua mke wake kwenda Nesitu, na mimi nikapanda boda kwenda kliniki ya Atlabara.

Kliniki ilikuwa nyumba ya mabati yenye benchi refu nje. Ndani alikuwamo sista mmoja, mwembamba, ana sauti ya chini. Alitoka akatuuliza mmoja mmoja. Jina. Unakaa wapi. Unakunywa nini. Unakunywa na nani. Ya jama! Mimi nilishawahi kuulizwa maswali hayo, na waliouliza walikuwa na bunduki. Katika vita jina lako ni kabila lako, na kabila lako ni kaburi lako. Nikampa jina la marehemu dada yangu. Nilifikiri, huyo hata wakimtafuta hawatamwumiza tena.

Akaingia ndani. Baada ya muda akachungulia, akaita jina la dada yangu. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mimi nami niligeuza shingo kama wenzangu, namtafuta huyo mvivu asiyeitika. Akawaita wengine. Hivyo ndivyo nilivyobaki kwenye benchi, na nawaambia, benchi lile ndilo lililoniponya kabla ya dawa.

Upande mmoja alikaa mwanajeshi, upande mwingine mama anayeuza mitumba soko la Konyokonyo. Wote wawili matumbo yao kama langu. Tulikuwa tumekaa pale kama wanawake wa kliniki ya wajawazito, na mmoja wetu ana ndevu.

"Haboba," mwanajeshi akaniita, kama tunavyowaita bibi hapa, "wewe alikulisha nani?"

Aliuliza kama anauliza bei ya nyanya. Nikamjibu, "Mkaza mwana."

"Mimi ni mke wa kaka yangu. Kwenye samaki."

Mama wa mitumba akaguna. "Ninyi mna bahati, mmelishwa na ndugu. Mimi ni jirani niliyemtafutia kiwanja kwa miguu yangu. Na wewe, mwanajeshi, umetolewa sumu?"

"Nimetolewa." Mwanajeshi akainua shati. Chale zilikuwa bado nyekundu. "Kuna bibi nyuma ya soko. Alitoa kamfupa."

"Kamfupa," nikasema.

"Kadogo. Keusi upande mmoja. Kana katundu."

Nikamgeukia. "Katundu katikati? Kama ka ushanga?"

"Kama ka ushanga. Umekaona wapi?"

Mama wa mitumba alikuwa ameacha kuguna. "Hata kangu," akasema polepole, "kalikuwa na katundu."

"Alikuachia ukaenda nako nyumbani?" mwanajeshi akamuuliza.

"Hapana. Alisema lazima akatupe mtoni mwenyewe."

"Hata mimi."

Kisha yule mwanajeshi akasema, "Basi hako kamfupa kanaogelea vizuri. Kila kakitupwa mtoni kanarudi sokoni."

Mama wa mitumba alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu majina. Mke wa kaka yake. Jirani. Mkaza mwana wangu. Wanawake watatu hawajuani, na wote wameweka mfupa mmoja.

Sista alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akauliza kwa ile sauti yake ya chini: "Kama mfupa ulikuwa mmoja, na wembe je?"

Mwanajeshi akashusha shati lake taratibu.

Halafu sista akaita tena jina la dada yangu. Nikasimama. "Huyo amekufa," nikamwambia. "Mimi ni mdogo wake."

"Karibu ndani, mdogo wake," akasema, wala hakuniuliza lingine.

Msifikiri nilimwamini hapohapo. Alipotaka damu nikamwambia, jichome wewe kwanza. Desturi ni desturi. Akakataa. "Vipimo vimebaki vichache, Mama, na barabara ni mbaya, vingine havifiki. Siwezi kuharibu kimoja ili unipende. Lakini kaa hapa, damu yako isitoke machoni pako." Hapo ndipo nilipomwamini kidogo, kwa sababu mwongo angekubali haraka. Nikaitazama damu yangu ikitambaa kwenye kijiti cha kupimia mpaka mstari wa pili ukajichora.

Akaniambia nina homa ya ini, ile wanayoiita B. Akaniambia araki imelipiga ini ambalo tayari lilikuwa linaumwa, na tumbo limejaa maji, hakuna mfupa.

"Nani alinipa?" nikauliza.

"Sijui. Labda wembe, wa huyu bibi au wa zamani. Labda sindano kambini. Labda mume. Labda ulizaliwa nayo. Ukitafuta wa kumlaumu utamaliza ukoo mzima."

"Kwenye chakula je?"

"Hii haikai kwenye chakula, Mama. Wala kikombe, wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu, na kwa mume na mke, na kwa mama anapojifungua. Na araki," akanitazama, "hiyo hakuna aliyekuonjea."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea kuandaa vitu vyake. "Mlete mkaza mwana wako na wajukuu niwapime. Asiye nayo tutamtafutia chanjo. Yuko nyumbani?"

"Yuko Nesitu."

"Anafanya nini Nesitu?"

Nilitoka bila kuaga. Alinikimbilia nje akaninong'oneza, "Urudi. Na usiache pombe ghafla peke yako nyumbani, unaweza kuanguka kifafa. Urudi hapa tuiache pamoja." Nikaitikia huku napanda boda.

Kwenye kizuizi cha barabara askari alilitazama tumbo langu akaanza kucheka. "Haboba, wapi hivyo? Unakwenda kujifungua?"

"Nakwenda kumchukua mtoto," nikasema. "Fungua."

Malori yalikuwa bado yamesimama Nesitu, yanangoja yawe mengi ndipo yaondoke pamoja. Nilimwona chini ya tela, amekalia furushi lake, mtoto wa mwisho mgongoni. Mwanangu alikuwa amesimama mbali kidogo, anachezea spana mkononi, hakuna tairi mbele yake.

Mkaza mwana wangu aliniona, akasimama. Hata siku ile alisimama kwa heshima.

"Mama, umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kukurudisha."

Akanitazama. Sikuwahi kumwona akinitazama hivyo, na nilijua kwamba sasa ni zamu yake ya kunishuku.

"Nikirudi, nani atapika?"

"Wewe."

"Na nani ataonja?"

Nilikaa pale chini kwenye vumbi na mafuta ya malori, na tumbo langu lote, nikamwambia nina njaa. Nilikuwa sijala kitu tangu jana. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha wa njiani, ameufunga kwenye kitambaa. Akaufungua. Akamega. Na kipande cha kwanza, ndugu zangu, akakipeleka kinywani mwake mwenyewe, macho chini, kama nilivyomzoesha.

Niliushika mkono wake kabla haujafika. Kile kipande nikakila mimi.

Mwanangu alitupa spana. Dereva akapiga honi, akauliza kama mtu wake anapanda au hapandi. Nikamwambia hapandi, leo wala kesho, aende na Mungu.

Tulipofika kwa wazee niliwaeleza habari ya kamfupa. Mmoja hakuamini mpaka mwanajeshi na mama wa mitumba walipokuja kusema kwa vinywa vyao. Basi likaisha, ingawa kuna watu mtaani ambao mpaka leo mkaza mwana wangu akiwapa maji wanasema hawana kiu. Mimi nawaona. Wakae na kiu yao.

Kuacha araki kulikuwa vita vya pili. Sista alinilaza kliniki. Nilitokwa jasho, nikaona siafu ukutani wanabeba shati lenye tundu begani. Nilimwambia sista ameniwekea siafu kwa makusudi. Hakukasirika. Alisema, "Wako wengi, Mama?" akakaa mpaka wakapungua. Na aliyeshika kichwa changu upande wa pili alikuwa mkaza mwana. Walinitoa maji tumboni, wakanipa vidonge vya kukojoa, wakaninyima chumvi, na hiyo ya chumvi nilidhani ni adhabu. Kidonge cha homa ya ini nameza kila siku mpaka leo. Ini langu lina makovu, hayafutiki. Lakini lililobaki linafanya kazi, kama sisi tuliobaki.

Nyumbani tulipimwa wote. Waliokuwa salama walichanjwa chanjo ilipopatikana, na mwanangu, aliyekutwa nayo, anafuatiliwa na sista.

Yule sista alimtazama mkaza mwana wangu siku zile zote, akamwambia, "Wewe unajua kukaa na mtu anayekushuku. Kazi hii nusu yake ni hiyo. Njoo nikufundishe iliyobaki." Akamfundisha. Sasa yeye ndiye anayekaa kwenye lile benchi la Atlabara na watu wenye matumbo na mikono inayotetemeka. Mtu akisema amelishwa sumu, habishani naye. Anamuuliza tu, "Pole, na wewe mtoa sumu alikutolea nini?" Kisha anamsogeza karibu na mwenzake wajibizane.

Yule bibi wa nyuma ya soko hatukumwendea na mawe. Sista alikwenda kuongea naye, na siku hizi anatuletea wagonjwa kliniki. Amesema mfupa ameutupa kweli. Mimi bado namshuku.

Namshukuru sista, aliyekataa kunifurahisha. Nawashukuru mwanajeshi, aliyetuacha mwaka jana, Mungu amlaze pema, na mama wa mitumba, yule pale anayejificha nyuma ya kitambaa. Namshukuru mwanangu, aliyechelewa kumpandisha mke wake kwenye lori. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na nafasi ya kumpandisha lori la msafara wa kwanza, akamwambia dereva tairi lina pancha. Halikuwa na pancha.

Funzo langu ni dogo. Simwambii mtu asishuku, siwezi, ndivyo nilivyo. Kushuku kumeniokoa mara nyingi katika nchi hii. Lakini ukishuku, shuku mpaka mwisho. Anayekupa jina la adui yako upesi, mtazame mikono yake. Omba kushika huo mfupa. Na chupa yako mwenyewe iulize maswali unayomuuliza mkaza mwana. Nasema haya leo kwa sababu kuna nyumba hapa New Site ambako tumbo limevimba, na kuna mwanamke ambaye tangu Jumapili hatoki nje. Jina lake ninalo. Majina ya wanaolitajataja ninayo pia. Kliniki inafunguliwa asubuhi. Mleteni mgonjwa kabla hamjamleta mwanamke.

Nimemaliza, sauti imekauka. Naona mkaza mwana wangu ananiletea chai. Mtazameni, anakiinua kikombe, anataka kukipeleka kinywani mbele ya wageni, desturi.

Hapana, mwanangu. Usionje. Lete hivyohivyo.